Katlesi ya Maini kwa Asiye na Meno

Maini ni chakula kigumu kupika kuliko watu wanavyodhani. Yakiepuliwa mapema, katikati bado ni mabichi, na mtoto mdogo hapaswi kulishwa ini ambalo halijaiva. Yakizidi kidogo jikoni, hugeuka mchanga mdomoni. Mtu mzima mwenye meno na kikombe cha maji kando yake atayameza hivyo hivyo. Mtoto wa miezi sita, asiye na jino hata moja, ambaye ulimi wake ndio kwanza unajifunza kupeleka chakula nyuma badala ya kukisukuma nje, atayatema na kukunja uso. Hapo nyumba nzima hukubaliana kwamba mtoto hapendi maini. Mara nyingi alichokikataa ni upishi.

Naandika kuusifu upishi ambao mtoto huyo anaukubali: ufundi wa kutia chuma, madini yanayojenga damu, ndani ya kipande laini anachoweza kukishika mwenyewe na kukipeleka kinywani. Sijausikia ukisifiwa. Wapishi wa biriani wana majina mjini, na muuza urojo mzuri ana watu wanaomfuata mtaa kwa mtaa. Anayemtengenezea mtoto wa miezi saba kipande cha nyama kisichomkaba hatajwi popote, ingawa vyakula vyenyewe vinampinga tangu mwanzo. Nyama ina nyuzi. Ini hubomoka. Kunde huteleza, tena zina ganda. Dagaa wana miiba na mchanga. Na vile vilivyo laini kwa maumbile yake, yaani papai, ndizi mbivu, uji mwepesi wa sembe, maziwa ya ng'ombe, karibu havina chuma kabisa. Mpishi huyu analazimika kuchukua ulaini upande mmoja na chuma upande mwingine, kisha avikutanishe katika kitu kimoja chenye urefu wa kidole cha mama.

Haraka ya jambo hili imo mwilini mwa mtoto. Aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huja na akiba ya chuma aliyoipata kwa mama tumboni, na akiba hiyo humfikisha kwenye miezi sita hivi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ingawa hicho kidogo hufyonzwa vizuri. Kwa hiyo kuanzia hapo hayaachwi, huongezewa. Wakati huohuo mtoto anakua kwa kasi ambayo hatakua nayo tena maishani: akitimiza mwaka, uzito wake huwa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, na damu lazima iongezeke pamoja na mwili. Ubongo nao unakihitaji chuma hicho ili ujengeke. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku. Baba yake anahitaji 8. Baba anakula sahani tatu zilizojaa. Mwanawe anakula vijiko vichache, kisha anageuza uso. Kila tonge lililobeba maji na wanga mtupu limechukua nafasi ambayo haikuwapo.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yake katika idadi hiyo. Lakini ukosefu wa chuma chakulani nao umo, na huo ndio mtu mwenye sufuria anaweza kuanza kuushughulikia leo jioni.

Kuna desturi moja inayoniuma. Nyama ikipikwa nyumbani, mtoto hupewa mchuzi. Ugali au wali huvurugwa kwa supu, watu wakiamini kwamba nguvu yote ya nyama imeshukia humo, na nyama yenyewe hubaki kwa wenye meno. Mchuzi una ladha, una mafuta, una chumvi ambayo mtoto haihitaji. Chuma kwa sehemu kubwa kimebaki ndani ya nyama. Hata mfupa anaopewa anyonye humtuliza fizi tu. Wanaofanya hivi hawafanyi kwa uchoyo; wanaogopa asije akapaliwa, na hofu hiyo ni ya haki.

Zamani hofu hiyo ilijibiwa na taya la bibi. Alitafuna nyama mpaka ikalainika kabisa, akaitoa na kumtia mjukuu kinywani. Wahudumu wa afya wanakataza jambo hilo leo kwa sababu mate hubeba maradhi, nami nakubaliana nao. Lakini bibi yule alikuwa amejua kwamba mtoto anaihitaji nyama, wala si harufu yake. Tulipoiacha desturi yake tulipaswa kuweka kitu mahali pake, na katika nyumba nyingi hatukuweka chochote. Tukarudi kwenye mchuzi.

Kitu chenyewe pwani tunacho tangu zamani: katlesi. Viazi vilivyopondwa, nyama ya kusaga au samaki ndani yake, yai la kuishikiza, kisha kikaangoni. Ya wakubwa hutiwa pilipili, chumvi na mafuta mengi. Viondoe vitatu hivyo, ubadilishe umbo, na umbile lililobaki ndilo hasa ambalo kiganja kidogo kinalihitaji.

Mimi nayapenda maini ya kuku kwa kazi hii. Ni laini kuliko ya ng'ombe, na yakishapikwa yana chuma kingi zaidi. Penye rangi ya kijani, ambapo nyongo imegusa, pakatwe na kutupwa bila huruma, maana uchungu ule hauondoki kwa kiungo chochote. Yapikwe kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa, pamoja na kitunguu na nyanya. Ukilipasua moja na kukuta wekundu umekwisha katikati, epua papo hapo, usisubiri dakika nyingine ya kujihakikishia. Yapondwe yangali ya moto, na majimaji yake yote, kabla hayajakauka. Ndipo viazi viingie. Kipimo hapa ni suala la mkono: viazi vikizidi, chuma kinapungua katika kila tonge, maini yakizidi, kipande hakishikamani. Naanza na nusu kwa nusu, halafu naongeza maini kadiri mchanganyiko utakavyovumilia. Yai kidogo, mikono iloweshwe, kisha viringisha vipande virefu, vinene kama kidole gumba. Vikaangwe kwa mafuta ya kupaka tu, mpaka yai limeiva na nje pameshika rangi. Ganda likiwa gumu umeharibu: fizi haziliwezi, na kipande kigumu kilichomeguka ndicho kinachotafuta njia mbaya kooni.

Kipande kilichokamilika hupita majaribio mawili. Kwanza kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada bila kutumia nguvu. Lazima kipondeke, kwa kuwa fizi na ulimi hazina nguvu zaidi ya hiyo. Kisha kingine kikamate ngumini na ukitikise. Lazima kibaki kizima. Majaribio haya yanavutana, na humo ndimo ufundi wote ulimo. Mtoto wa miezi sita hushika kwa kiganja chote, hajui bado kutumia ncha za vidole, na hawezi kuifungua ngumi apate kilichomo ndani. Anakula kile tu kinachochomoza juu ya ngumi. Ndiyo maana ya urefu: nusu ni mpini, nusu ni chakula.

Maini yasiwe ya kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine ziko nyama ya kusaga, dagaa na kunde. Dagaa wa Ziwa Victoria wana faida ya kukaushwa bila chumvi, ila wengi hukaushwa chini ufukweni, hivyo huja na mchanga. Waoshwe maji baada ya maji, wakaangwe bila mafuta, watwangwe, kisha wachekechwe kwa chekeche laini mpaka usibaki mwiba. Unga huo huingia katika katlesi yoyote. Kunde zilowekwe usiku, maji yake yamwagwe, zimenywe, zichemshwe mpaka zilainike, zipondwe na kuviringishwa kwa umbo lile lile. Chuma cha kunde na maharage hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, lakini hubadilika tabia kikipata mwenzake: nyama au samaki kidogo katika mlo uleule, au kitu chenye vitamini C. Ndimu hukamuliwa baada ya kuepua, kwa sababu moto huiharibu vitamini hiyo. Pera lililoiva, chungwa, embe, au unga mtupu wa ubuyu uliokorogwa katika ndizi hufanya kazi hiyo hiyo. Ubuyu wa kumumunya, wenye kokwa, sukari na rangi, ukae mbali na mtoto kabisa.

Na chai. Katika nyumba nyingi mtoto huanza kuchovyewa mkate katika chai ya maziwa kabla hajatimiza mwaka, kwa upendo mtupu. Chai hukifunga chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe. Mtu aliyeamka mapema kuloweka, kumenya na kuponda, kisha akamaliza kwa kikombe cha chai, amejivunjia kazi yake mwenyewe. Mtoto apewe maziwa ya mama, au maji safi.

Nafaka nazo zina njia yake, na hapa Watanzania walichangia elimu ya dunia. Mwaka 1993 Wilbald Lorri na wenzake wa Sweden walichapisha utafiti wa maabara kuhusu nafaka zilizochachushwa, na wakaonyesha kwamba uchachu huvunja kile kinachokishikilia chuma cha nafaka, kikawa tayari kufyonzwa. Mtama wenye ukakasi mwingi ulikuwa mkaidi zaidi. Wanaopika togwa na chila walikuwa tayari na mikono ndani ya jambo hilo. Ninachokifanya ni kuchukua unga wa mtama mweupe na choroko zilizolowekwa na kusagwa, nikaviacha vichache usiku kucha, asubuhi nikapika chila nene, laini, na kuzikata vipande virefu vya kushika. Chuma cha kukaangia kikiwa cha chuma kweli, ni bora zaidi: utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 1999 ulikuta watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma walikuwa na damu zaidi ya waliopikiwa katika vya alumini. Sufuria zetu nyingi siku hizi ni za alumini.

Bitiruti sitaisifu hapa. Rangi yake imewashawishi wengi kwamba inaongeza damu, na watoto wanakamuliwa juisi yake asubuhi na jioni. Chuma chake ni kidogo. Wekundu ule ni rangi ya mzizi.

Kuna wanaouliza kwa nini kujisumbua hivi wakati duka la dawa lina matone ya chuma. Jibu mojawapo liko Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watoto wadogo wa kisiwa hicho, wakati malaria ikiwa nyingi, walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika utafiti mkubwa. Matokeo yaliyochapishwa 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba maradhi makali na vifo vilizidi kwa asilimia 12 miongoni mwa waliopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilikuwa imesimamishwa kabla ya wakati. Watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walionekana kufaidika. Dawa ya chuma basi ina mahali pake, mikononi mwa mhudumu aliyempima mtoto na anayejua habari za malaria mahali hapo. Tonge la ini halikimwagi chuma mwilini kwa mkupuo kama tone la dawa.

Hofu ya kupaliwa isipuuzwe. Mtoto akae wima, kichwa juu, mtu mzima akiwa mbele yake tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Atakohoa, atajikunja, uso utamwiva, atatoa sauti na kukirudisha kipande mbele. Hapo anajifunza, mwache. Anayekabwa kweli hana sauti, na huyo anahitaji msaada mara moja. Karanga nzima, bisi, nyama ya vipande vigumu na samaki ambaye miiba yake haijapekuliwa kwa vidole visiwepo kabisa. Huko New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwafuatilia watoto waliojilisha kwa mikono, wazazi wao wakiwa wamefundishwa kuepuka vipande vya hatari na kuweka chakula chenye chuma katika kila mlo. Hawakupaliwa zaidi ya waliolishwa kwa kijiko, na hali yao ya chuma haikuwa pungufu. Watoto hao walipata walichokihitaji kwa sababu aliyewapikia alifundishwa, na jambo hilo laweza kufundishwa kliniki, jikoni, au kwa yaya wa miaka kumi na tisa ambaye ndiye anayeshinda na mtoto kutwa.

Kufikia miezi minane au tisa mkono wenyewe hubadilika. Kidole gumba na cha shahada huanza kukutana, na mtoto anayeweza kuokota chembe mkekani hataki tena mpini. Katlesi hukatwa vijipande, kunde hubonyezwa moja moja zikawa bapa, nyama laini huchambuliwa nyuzi fupi fupi. Akikaribia mwaka, kinu cha kumpondea kitaanza kukaa siku nzima bila kazi, naye atakaa mkekani pamoja na wengine mbele ya sinia. Siku hiyo sehemu yake ya nyama itengwe kwanza, kabla wenye meno hawajaanza kugawana.