Mbele ya kupeleka dosiye, soma Dunant

Bandugu munaotaka kuomba masomo ya huduma ya kwanza, diploma pekee haitoshi. Someni kile kitabu cha Henry Dunant juu ya vita vya Solferino, cha 1862.

Dunant hakuwa munganga, alikuwa mfanyabiashara. Lakini 1859 alipanga maji, bandeji na wasaidizi. Hapo ndipo nguvu ya kitabu: kinaonyesha kama huruma bila mpango haifiki mbali. Siye tuliona Januari 2025, hospitali ya Ndosho ilipojaa majeruhi.

Kasoro yake? Wamama wengi wa Castiglione waliofanya kazi ile wanapita tu bila majina, sawa na wabeba tipoyi wa vijiji vyetu.

Kwa hiyo wakikuuliza sababu ya kuomba, usiseme tu «napenda kusaidia». Sema utaanza na nini.