Mwalimu wa Dunda

Sura ya harusi katika Desturi za Wasuaheli haina haraka. Nani hutumwa kuposa, wazazi hujibu nini, mahari, kungwi, ngoma na nyimbo zake: kila jambo huja kwa zamu yake, kana kwamba msomaji hajawahi kuiona pwani.

Na kweli wengi hawakuwahi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu hicho, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900, katika Seminari ya Lugha za Mashariki, mbele ya Wajerumani waliojiandaa kuja kututawala, kuhubiri au kufanya biashara. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869, akasoma chuoni na kuendelea na elimu ya dini. Ualimu ndio uliomnoa kalamu. Mwanafunzi mgeni hawezi kuachiwa pengo alizibe mwenyewe, kwa hiyo Mtoro hajitutumui wala haruki hatua. Ngoma za pepo anazisimulia kwa utulivu uleule wa mazishi. Watumwa nao wamo, na namna walivyotakiwa kuenenda mbele ya mabwana zao. Nathari ya Kiswahili iliyonyooka hivi ni adimu hata leo, nasi tumezoea kuwasifu washairi tu.

Kitabu kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, mkusanyaji wake. Ilibidi kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likaingia kwenye anwani.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata, kazi ya Berlin ikiwa imekwisha, walipanda meli kurudi nyumbani. Serikali ya kikoloni haikukubali mwanamke wa Kizungu aingie Dar es Salaam akiwa mke wa Mwafrika. Dunda ilikuwa safari fupi tu kaskazini mwa bandari ile, na mtu aliyeieleza pwani kuliko yeyote wa zama zake akageuzwa nayo machoni.

Hakuiacha kazi. Kuanzia 1909 alifundisha Hamburg kwa miaka kadhaa, chini ya Carl Meinhof, kisha akazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927.