Haleluya ya Handel na kwaya ya watu ishirini

Pasaka inapokaribia, kwaya nyingi za Tanzania hurudi kwenye kazi ileile: Haleluya ya Handel, mtunzi Mjerumani, kwa Kiswahili. Ujerumani imeacha alama zake pwani ya kusini, na nyingine bado zinaonekana kwa macho: boma la Mikindani lililojengwa mwaka 1895, au michoro ya Padre Polycarp Uehlein katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, Mtwara. Alama hii ya muziki ni ya kusikia, na inafaa kufunguliwa ionekane ilivyoundwa.

Georg Friedrich Handel alizaliwa Halle mwaka 1685, akahamia London, akapewa uraia wa Uingereza mwaka 1727. Oratorio yake ya Messiah, yenye Haleluya hiyo, aliitunga mwaka 1741 kwa siku 24 tu. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakaachiwa huru.

Handel hakusimama mbele ya kwaya na fimbo mkononi. Aliongoza akiwa ameketi kwenye kinanda. Waimbaji wa kwaya yake ya Dublin walikuwa wanaume na wavulana wa makanisa makuu mawili ya mji huo, thelathini na kitu. Mwalimu wa kwaya wa parokia ambaye mikono yake iko kwenye kinanda, akiwaingiza waimbaji kwa kidevu, anafanya kazi kwa namna iliyo karibu sana na ya mtunzi mwenyewe.

Sasa noti zenyewe. Do ni D. Haleluya mbili za mwanzo hurefusha silabi ya kwanza. Za haraka zinazofuata huiweka “lu” juu ya pigo, pale ambapo Mswahili huikazia hata anapozungumza. Kisha sauti zote nne huungana kwenye wimbo mmoja mzito, wa hatua ndefu. Baada ya hapo Handel huukabidhi wimbo huo kwa sauti ya kwanza peke yake, huku nyingine zikirusha Haleluya fupifupi chini yake. Vitu viwili ambavyo msikilizaji ameshavizoea vinasikika pamoja, na hapotei.

Sehemu ya katikati hutulia, halafu inaanza fuga: sauti ya nne huingia kwanza, inafuata ya tatu, ya pili, mwisho ya kwanza. Hapa ndipo kwaya ambayo besi yake haijashika noti hubomoka, maana wengine wote wanaiga kile ilichoanza besi.

Ufundi mkubwa zaidi uko mbele kidogo. Karatasi ya solfa huuonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote: kwenye mstari wa sauti ya kwanza kuna herufi moja, “s”, na nyuma yake safu ya vistari, huku chini yake mistari ya tenor na besi imejaa herufi. Sauti ya juu inashikilia noti moja, mwanzoni ikisaidiwa na ya pili, na nyingine zinaipigia Haleluya. Kisha inapanda: do, re, mi, fa. Hakuna pambo lolote. Ni ngazi ambayo mtoto wa kipaimara anaiweza, na bado kila kidato kinaongeza joto.

Walioikuza kwaya kupita kiasi walikuja baadaye. Kwenye onyesho la mwaka 1754 katika Foundling Hospital ya London, nyumba ya kulea watoto waliotelekezwa, kwaya ilikuwa na watu kama ishirini tu. Mwaka 1784, Handel akiwa ameshafariki miaka 25 nyuma, zaidi ya wanamuziki 500 walikusanywa Westminster Abbey kumuenzi, na tangu hapo wengi wakaamini kwamba kazi hii inadai umati. Haidai. Katika umati ngazi ile inasikika kama kelele moja, na fuga inakuwa ukungu.

Kwa hiyo kwaya ya watu ishirini, iwe Mikindani au kwingineko, isijione pungufu. Haina tarumbeta mbili wala timpani. Kinanda kitashika nafasi hiyo. Inachohitaji ni soprano wanaopokezana pumzi ili vile vistari visikatike, na mazoezi ya kutosha kwenye kituo kifupi kabla ya Haleluya ya mwisho, kwa sababu hapo kila mara kuna mmoja anayeingia mapema.