Nani Alipika Hogwarts?

Utotoni tulimtazama Harry Potter katika kibanda cha video sokoni Kanyangi, jenereta ikinguruma nje. Kilichotushika zaidi ya uchawi ni kile chakula: meza inajaa kuku ghafla, nasi tumeshindia muthokoi.

Juzi nimezirudia filamu zote 8, za 2001 hadi 2011, na swali likawa la mtu mzima. Nani alipika? Kitabu cha nne cha J.K. Rowling, cha 2000, kinajibu: chini ya ukumbi kuna jiko lenye vijitu watumishi zaidi ya 100, karibu wote bila mshahara, na Hermione anawapigania. Filamu yake ya 2005 ililiacha jiko hilo nje kabisa. Sisi tulikuwa tumeshashangilia Dobby akikombolewa kwa soksi katika filamu ya pili, tukaridhika.

Hapo ndipo filamu zinaponikera. Wasichana wa darasa letu walipanda basi kwenda Nairobi kuwa mahausigeli. Wanapika, meza inajaa, wageni wanasifu chakula. Filamu bado tamu, sikatai. Ila mimi sasa nataka kuliona jiko.