Pongezi kwa Wakulima wa Mboga wa Rumonge

Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, husifiwa kwa mawese na samaki wa mukeke. Mimi nawapongeza wenye vishamba vya mboga, hasa akina mama wanaotulisha lengalenga, nyanya na intore.

Mvua ikishika, makoa, wale konokono wasio na gamba, hutoka usiku na kumaliza miche kabla hakujakucha. Mkulima hodari, siku isiponyesha, humwagilia asubuhi, si jioni, ili tuta likauke juu kabla ya giza. Hufyeka magugu wanamojificha. Kisha hurudi usiku na tochi kuwaokota mmoja mmoja: kazi ya kuchosha, lakini hakuna dawa ninayoiamini zaidi. Majivu ya jikoni husaidia, ila yakilowa nguvu imekwisha, sharti yanyunyizwe upya. Mwenye bata ana bahati, maana bata hula makoa kwa hamu. Awazuie tu bata hao wasifikie miche.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika na kufunika nyumba na mashamba ya ukingoni. Waliorudi kulima wanastahili heshima. Ndugu msomaji, ukifika soko la Rumonge, usimbane mama bei ya fungu lake la lengalenga.