Venia Nzuri Huonekana Ikiwa Imefungwa

Ukienda Mwanjelwa au Ipogolo kununua venia, kile chombo cha kupimia chenye taya, usianze na jina lililochongwa juu yake. Funga taya, uinyanyue mwangani. Mwanga ukipenya kati ya taya, hata kama uzi, irudishe mezani. Kisha tazama mistari miwili: sifuri ikutane na sifuri, na mstari wa mwisho wa kipimo kidogo uangukie milimita 49. Hiyo ni kwa venia ya 0.02, ambayo nafasi zake 50 zimeenea milimita 49. Wauzaji hukuonyesha sifuri tu. Mimi huuamini zaidi ule mstari wa mwisho, kwani sifuri inaweza kulingana na mgawanyo wenyewe ukawa mbovu.

Huku Nyanda za Juu Kusini, venia huumbuka kwenye shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Beringi 6206 ina tundu la milimita 30, na shafti yake inatakiwa kuizidi 30 kwa elfu chache tu za milimita ili ibane. Fundi anakereza, anapima. Sifuri ya kipimo kidogo imepita 29, haijafika 30: shika 29. Sasa tafuta mstari mmoja wa chini uliokutana kabisa na wa juu. Ukiwa wa pili baada ya tarakimu 9, ni 0.94. Jumla 29.94, na shafti hiyo imeshaharibika. Beringi itaingia kwa mkono, mteja atafurahi, halafu ringi ya ndani itaanza kuzunguka peke yake na kuila shafti. Kuigonga vidoti kwa panchi ili ishike ni kuahirisha tatizo. Ijazwe kwa kuchomelea, ikerezwe upya.

Jicho likae wima juu ya mstari, la sivyo wa jirani ndio utaonekana umekutana. Kwa hiyo napenda venia yenye uso usiong'aa, na ukingo wa kipimo kidogo uliochongwa mwembamba ukalala juu ya kipimo kikuu. Kazi ibanwe ndani, si kwenye ncha za taya.

Tena ipoe kwanza: shafti ya milimita 30 ikitoka kwenye mashine na nyuzi joto 60, imevimba kwa zaidi ya 0.01 kuliko itakavyokuwa kwenye 20. Baridi ya Juni ya Mbeya huipoza upesi. Ukifika 30.04, weka venia chini uchukue maikromita. Mkato wa mwisho ni wake.