Tusililimbikizie neno 'mtandao' kila kitu

Juzi katika saiba moja hapa Nakuru, mama aliyetoka Njoro kujaza fomu alisimama aende zake. "Mtandao umepotea, mwanangu." Mhudumu akamjibu, "Upo, mama. Ni hiyo tovuti tu imegoma. Hebu ngoja kidogo." Nusura arudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya neno.

Simlaumu mama. Nawalaumu waandishi wa vitabu vyetu, wanaoita intaneti, wavuti na tovuti 'mtandao'. Intaneti ni njia: nyaya na mitambo inayosafirisha data, mathalani kebo ya TEAMS iliyofika Mombasa mwaka 2009. Wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee mwaka 1989, ni kurasa zilizounganishwa zinazopita humo. Tovuti ni mkusanyiko mmoja wa kurasa hizo. Duka la Njoro likifungwa, nani husema barabara imefungwa?

Linganisha na 'tarakilishi'. Wengi hulicheka, na Watanzania hupendelea 'kompyuta'. Hata hivyo, 'tarakimu' na 'akili' zilizomo humo humdokezea mwanagenzi siri ya mashine yenyewe: kila kitu ndani yake ni 0 na 1. Istilahi nzuri hufunza. Mbovu humpotezea mtu nauli.